Aliyebahatisha Akapata, Ana Hatia?

Honda Civic nyingi za miaka ya 1990 zina ugonjwa ambao makanika wanaujua. Asubuhi gari linawaka freshi. Mchana, likiwa limeegeshwa juani, injini inazunguka lakini haishiki. Subiri jua lishuke, linawaka kama halikuwa na neno. Mara nyingi mkosaji ni rilei kuu, kijiboksi chini ya dashibodi kinachopitisha umeme wa kompyuta ya injini na wa pampu ya petroli. Miaka ikipita, lehemu ndani yake hupata nyufa ndogo. Joto likizidi, zinaachana na umeme unakatika.

Sasa fikiria fundi anakwambia, "Pampu imekufa." Hajapima. Unanunua pampu, anaifunga, jioni imefika, gari linawaka. Yeye anafurahi, wewe unafurahi, mnaagana poa. Kuna aliyedanganya hapo?

Mwaka 1877, Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, aliandika kuhusu mwenye meli aliyekuwa na shaka kama chombo chake kikuukuu kingehimili safari. Akajituliza moyo mpaka akaamini kwa dhati kwamba ni kizima. Chombo kikaondoka na abiria, kikazama. Clifford anasema mtu huyo ana hatia, na angekuwa nayo hata kama chombo kingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini.

Niko upande wa Clifford. Fundi wetu hakusema uongo, lakini alitumia pesa zako kulipia asichokijua.

Ila kupima kwenyewe kuna mitego. Rilei ya kawaida ya miguu 4 unaipa volti 12 kwenye 85 na 86, inalia tik, kisha mita inakuonyesha kama 30 na 87 zimeshikana. Wengi wanaishia kwenye tik. Mlio huo unathibitisha kwamba koili inavuta, basi. Sehemu zinazogusana ndani zinaweza kuwa zimeungua na hazipitishi kitu. Ile ya Honda ni mjanja zaidi: ipime ikiwa baridi, itapita mtihani. Inabidi uingoje igome, kwenye joto, ndipo uiulize.

Na kungoja ni saa za mtu. Hapa ndipo sisi wateja tunaingia. Spea tunalipia hata kama tunanung'unika. Tukiambiwa elfu moja ni ya kupima tu, tunaona tumeibiwa: "Umeshinda nayo siku nzima na hujabadilisha kitu?" Fundi anayejibu "bado sijajua" tunamhama, tunaenda kwa yule anayejua kabla hajafungua boneti. (Huyo huwa anaongea sana, pia.)

Abiria wa Clifford hawakuulizwa chochote. Sisi tunaulizwa, pale pale kando ya gari: nipime kwanza, ama nibadilishe?