Bega Lililokaza na Mkono wa Takbira

Tanga halitwekwi kwa maneno. Henza inapita kwenye kapi juu ya mlingoti, mabega yanavuta, foromali inapanda. Mtu aliyevuta hivyo miaka 30 katika bahari ya Kilwa anaweza kufikwa na siku ambayo kano za bega zinachanika, zile za misuli minne inayokishikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisichopoke. Daktari wa mifupa huishona kano na kuirudisha kwenye mfupa, kisha mkono unaning'inizwa shingoni kwa kitambaa wiki 4 hadi 6.

Kitambaa kikivuliwa, bega limekaza. Mkono hautaki kupanda. Kuvaa shati ni shughuli, na kwa mwenyeji wa Kilwa Kisiwani, takbira ya kuanzia sala nayo imeingia mashakani: mkono haufiki sikioni. Je, atulie akubali alichoandikiwa, au apambane nacho?

Jirani anayekuja kumjulia hali atamwambia subira yavuta heri, kana kwamba subira ni kukaa barazani. Kitenzi chenyewe hakisemi hivyo. Anayevuta ana kamba mkononi.

Kamba hiyo ipo kweli. Muda ukifika, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hutundika kapi ndogo juu ya mlango: mkono mzima unavuta chini polepole, ule uliopasuliwa unainuliwa bila misuli yake kutumia nguvu. Baharia hana cha kufundishwa kuhusu kapi. Kinachomshinda ni ule mwendo wa kobe. Lakini akivuta kabla daktari hajaruhusu, kano inaweza kung'oka haijashika mfupa.

Tena kukaza kwenyewe si hasara tupu. Watafiti wamewahi kukuta kuwa mabega yaliyokaza majuma ya mwanzo yalichanika tena mara chache kuliko yaliyolegea mapema, na mengi hufunguka ndani ya miezi 6 hadi 12, ingawa kwa mwenye kisukari hukawia. Baharia anachokiita adhabu huenda kinamlinda. Fundi wa chokaa hatashangaa. Msikiti Mkuu wa Kisiwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hushika taratibu, kwa hewa. Ukiibebesha mzigo ikiwa mbichi, inapasuka.

Wanazuoni nao hawakungoja upasuaji wa bega. Imran bin Huswain, sahaba aliyekuwa na bawasiri, alimuuliza Mtume namna ya kusali. Akaambiwa asimame, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani hii, kuinua mikono wakati wa takbira ni sunna, wala si nguzo ya sala. Asiyeweza kuinua yote miwili huinua mmoja, au anaishia pale anapofika. Kwa hiyo kujilazimisha hadi kano ichanike ni ukaidi, hata ukiitwa ibada. Na kuuacha mkono kwenye kitambaa mwezi baada ya mwezi, mazoezi yameshaagizwa, ni uvivu uliovaa kanzu.

Mkono mmoja ukifika sikioni na mwingine ukakomea kifuani, sala imesihi. Asiirudie.