Fundi Tu

"Wasifu umekuwa mfupi kwa sababu mzee hakuwa na makubwa. Alikuwa fundi tu." Hayo niliyasikia wiki hii msibani, chini ya turubai, yakisemwa na kijana aliyeketi nyuma yangu. Sikumjibu, maana sahani za pilau zilikuwa zinapita. Marehemu alikuwa seremala, na nusu ya waombolezaji walizaliwa juu ya vitanda alivyovitengeneza.

Tangu siku hiyo Louis-François Pinagot hanitoki kichwani. Alikuwa mchonga viatu vya mbao katika kijiji cha Origny-le-Butin, kandokando ya msitu wa Bellême, huko Normandy nchini Ufaransa. Si mitalawanda ya kuendea bafuni hii, bali kiatu kizima kilichochimbwa ndani ya kipande cha gogo, cha kukanyagia tope na theluji. Alizaliwa mwaka 1798, akafa mwaka 1876. Hakujua kusoma wala kuandika. Katikati ya tarehe hizo mbili Ufaransa ilipata wafalme, wafalme wakakimbia, Napoleon akaja na kuondoka, mpwa wake naye akaja na kuondoka, hadi askari wa Prussia wakafika kwenye vijiji vya huko. Pinagot alichonga viatu.

Tunamjua kwa sababu ya ukaidi wa mwanahistoria Alain Corbin. Mwaka 1995 Corbin aliingia kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa wa Orne akimtafuta mtu yeyote, mradi awe hana sifa. Akachagua kijiji bila kutazama, akafungua madaftari, akatoka na majina mawili. Mmoja alikufa kijana mno, hakufaa. Akabaki Pinagot, na mwaka 1998 kikatoka kitabu kizima.

Madaftari yalisema nini? Kwamba mwaka 1818 alimwoa Anne Pôté, msokota nyuzi; kwamba walipata watoto; kwamba mke alitangulia mwaka 1846; kwamba kuna kipindi mzee alihesabiwa miongoni mwa mafukara. Kwa mkono wake mwenyewe aliacha alama ya msalaba chini ya ombi la wanakijiji, badala ya saini. Mengine yote Corbin aliyatafuta pembeni: bei ya kuni, ugomvi wa majirani, sheria za msitu, vita. Hakumtungia mawazo wala maneno. Ni kama kumtazama mtu aliyesimama mlangoni, jua likiwa mgongoni mwake: umbo unaliona, uso huuoni.

Najua utasema hiyo basi si historia ya Pinagot, ni ya jirani zake. Hoja ina uzito, wala sitaikwepa. Lakini uso haukukosekana kwa sababu mwenyewe hakuwa nao. Serikali ilimwandika alipozaliwa, alipotakiwa jeshini, alipohesabiwa fukara na alipokufa. Kazi aliyoifanya kila siku hakuna aliyekuwa na safu ya kuijaza. Na viatu vyenyewe? Vililika, vikapasuka, vikaishia jikoni kama kuni.

Wasifu tunaousoma makaburini umerithi daftari lilelile. Alizaliwa, alisoma, alioa, alijaliwa watoto, aliugua. Hapo kwenye kuugua ndipo mwandishi hupata ghafla kipaji: dalili ya kwanza hutajwa, hospitali zote hutajwa, dawa nazo pia. Kazi ya miaka arobaini hupewa mstari mmoja: "alijishughulisha na useremala". Alijifunza kwa nani? Mbao gani alizikataa hata mteja alipobembeleza? Msimu wa njaa alilipwa nini, na nani hadi leo hajamlipa? Mimi nasema hayo ndiyo maisha ya fundi, na vipimo vya sukari na presha vingeweza kubaki kwenye faili la daktari.

Corbin ana udhuru. Alianza kazi miaka 119 baada ya kifo, hakuwa na wa kumwuliza. Sisi mjane yupo, wateja wapo, vijana waliofunzwa kushika randa wapo, na bado kalamu tunampa yule mpwa mwenye mwandiko mzuri, aliyeshuka kwenye basi jana usiku.