Kusimama kwa Jengo si Ushahidi

Wakandarasi wengi nchini Tanzania hulalamika kwamba mhitimu wa uhandisi wa ujenzi huja saiti akijua kukokotoa nguvu zinazokunja boriti, lakini akiambiwa akague nondo zilizofungwa hujikanyaga. Lalamiko hilo lina ukweli. Kosa lake ni kudhani kwamba kazi ya ujenzi hujifundisha yenyewe kwa anayeifanya. Kiti kibovu humwaibisha seremala siku hiyohiyo kinapokaliwa. Zege bovu hunyamaza. Fundi akizidisha maji, zege hulainika, humiminika upesi na kujaza kila kona, na jicho likaridhika. Mtafiti Duff Abrams alionyesha kule Chicago mwaka 1918 kwamba kadiri maji yanavyozidi yakilinganishwa na saruji, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Na kwa kuwa nguzo husanifiwa kwa akiba ya usalama, jengo hilo laweza kusimama miaka 10 huku likiila akiba yake, na kila mwaka unaopita humpa fundi sababu mpya ya kuamini kosa lake. Uzoefu peke yake haumwokoi hapo. Anayeweza kumwokoa ni mtu aliyefundishwa kutoridhika na jengo kwa sababu tu limesimama, na malezi hayo ndiyo kazi ya chuo.

Atatokea wa kuniuliza: mbona wasomi nao huangusha majengo? Ni kweli. Tarehe 17 Julai 1981, njia za kupita watu zilizoning'inia ndani ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, zilianguka na kuua watu 114. Fimbo ndefu za chuma zilizobeba njia mbili zilikuwa zimegeuzwa kuwa vipande viwili viwili, na kiungo cha njia ya juu kikabebeshwa mzigo maradufu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiweza hesabu hiyo. Wenye dhamana hawakuifanya. Elimu ilikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kujiona anawajibika kuuliza. Basi shahada haitoshi, lakini pengo lake si wepesi wa mikono. Ni mamlaka ya kusimamisha kazi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania ina mpango wa miaka 3 ya mhitimu kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa. Mwajiri anayemfanya ahesabu mifuko ya saruji muda wote huo, bila kumpa nafasi hata mara moja ya kukataa zege na kueleza kwa nini, hana haki ya kukilaumu chuo.