Unaabudu Wapi?

Nairobi ina maswali mawili ambayo mtu huulizwa kabla hajafahamika. La kwanza ni "kwenu ni wapi?", na jibu lake halitarajiwi kuwa Ayany, wala Olympic, wala Makina, mitaa ya Kibera, hata kama aliyeulizwa alizaliwa hapo na hajui kulala kwingine. Anatakiwa ataje nyumbani kwa babu yake. La pili huja majirani wakishazoeana kidogo: "unaabudu wapi?" Swali la kwanza linatafuta damu. Hili la pili linatafuta nini?

Ayany ni mtaa wa nyumba za mawe ndani ya Kibera; ukitembea kidogo tu, mabati yanaanza. Jumapili asubuhi sauti hupishana hewani. Kinanda cha Wapentekoste hakijanyamaza, tayari ngoma za watu wa makanisa ya Roho zinapita barabarani, kanzu nyeupe na bendera mbele, na kati yao misa inaendelea kwa utulivu wake. Wanatofautiana kwa mengi, baadhi ya hayo wakiyagombania vikali, lakini katika nyimbo zao utasikia madai mawili yaleyale: kwamba sisi ni jamaa ya Mungu, na kwamba Yeye ndiye anayetuongoza. Madai haya huimbwa kwa wepesi sana. Nataka tuyatazame bila kinanda.

Kuna wanaosema kwamba hii ni faraja ya wasio na mahali. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera haina hati mikononi mwa wanaoishi juu yake. Julai 2018 tingatinga zilipita zikifungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, zikabomoa nyumba, shule na makanisa. Mtu aliyeona hayo akiimba kwamba ana makao yasiyobomolewa, nani asimwelewe? Jibu hili lina ukweli, ila limeishia njiani. Mwenye nyumba ya mawe Ayany naye huimba wimbo huohuo, machozi yakimtoka. Tena, kama ni faraja tu iliyotafutwa, redio ingetosha. Hakuna haja ya kukaa saa tatu kwenye benchi ukibanana na watu.

Basi tujaribu kueleza hii "familia" ni nini. Upendo peke yake hautoshi kuieleza, maana tunawapenda wengi wasio jamaa zetu, na wapo jamaa ambao tukisikia wanabisha hodi tunazima taa. Naona jamaa ni mtu mwenye haki ya kukusumbua. Akifika bila taarifa, huwezi kumuuliza kwa nini amekuja kwako. Kumnyima unaweza, lakini utajua umenyima kitu kilichokuwa chake kwa kiasi fulani. Kuwa wa familia, kwa maana hii, ni kujua kwamba wapo watu wenye dai juu yako, nawe una dai juu yao, kabla hamjapatana lolote.

Tukilishika hilo, ibada inaanza kusomeka upya. Mtu akifa Kibera, mara nyingi jeneza lazima lisafiri, liende nyumbani kwa babu, Siaya, Busia au Kakamega, na safari hiyo ina gharama. Jioni baada ya jioni watu wa kanisa hukaa kwenye matanga wakichanga, wengi wao hawajui hata kijiji cha marehemu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi yao, walikuwa wakiielekea maana hiyo: nyumba chache za jirani, Injili, kisha swali la nani hajaonekana wiki hii na kwa nini. Katika jumuiya ya namna hiyo mwenye nyumba na mpangaji wake wanaweza kujikuta benchi moja. (Mahubiri juu ya kodi ya nyumba ni nadra kuyasikia, ingawa hakuna jambo linalosumbua roho nyingi zaidi kila mwanzo wa mwezi.)

Lakini je, dai hili hushinda damu? Hapa historia yetu haitupendelei. Tarehe 10 Aprili 1994 maaskofu wa Afrika walianza sinodi yao Roma, na wazo lililotawala mkutano lilikuwa Kanisa kama familia ya Mungu. Siku tatu kabla, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi iliyojaa waliobatizwa, ambako watu waliuawa hata ndani ya makanisa waliyokimbilia. Askofu Albert Obiefuna wa Nigeria alisema katika sinodi hiyo jambo ambalo wengi walilijua na kulinyamazia: inapofika shida, damu ya ukoo hudhihirika kuwa nzito kuliko maji ya ubatizo. Kenya hatuna kidole cha kunyoosha. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu wakiwa ndani, na wiki hizohizo Kibera yenyewe iliwaka, reli ikang'olewa, majirani waliokuwa wakipeana mikono ya amani Jumapili wakihesabiana makabila.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba familia hiyo haipo, ni maneno ya nyimbo. Mimi sifiki huko, na sababu yangu si kwamba nataka kulilinda kanisa. Ni kwamba tukio la Kiambaa linatuuma kwa namna ya pekee, kama usaliti, na huwezi kusaliti kisichokuwepo. Tena wapo waliolilipia dai hili. Wakati wa hali ya hatari nchini Kenya miaka ya 1950, watu wa uamsho, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, walikataa kula viapo vya Mau Mau, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu siasa yao, nami ningebishana. Lakini kwao, kuitana ndugu hakukuwa mazoea ya salamu.

Sasa lile dai la pili, la kuongozwa. Kutumaini uongozi wa Mungu ni kukubali kwenda mahali ambapo hujaoneshwa mwisho wake, ukiamini kwamba anayekuongoza anaujua. Si kukaa tu. Mama anayeuza mitumba soko la Toi, soko lililokwisha kuungua zaidi ya mara moja, husema Mungu atafungua njia, na alfajiri yuko soko la Gikomba anachagua belo. Hakuna mgongano hapo. Anapanga kama anayejua kazi yake, ila hajidanganyi kwamba mpango wake ndio unaoishika dunia.

Ugumu unaanza pale Mungu anapodaiwa kuongoza kupitia mtu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo baadaye ilizidi 400, ya watu walioelekezwa na mhubiri wao kufunga chakula ili wakutane na Yesu. Wengi tuliuliza: walikuwaje wajinga kiasi hicho? Naona swali hilo linatupa nafuu tusiyostahili. Maneno waliyoyatumia, kwamba Mungu anaongoza na sisi tunafuata, ni yetu pia. Kilichokuwa tofauti kilikuwa wapi?

Kitabu cha Hesabu kinasimulia jinsi Waisraeli jangwani walivyosafiri kwa kulifuata wingu: likiinuka wanaondoka, likitulia wanakaa, siku mbili au mwezi. Musa alikuwa na siri zake na Mungu, kweli, lakini wingu lilionekana na kila mtu, hata mtoto mlangoni mwa hema. Shakahola wingu lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Na ili libaki humo, ilibidi wafuasi watolewe kwa jamaa zao, watoto shuleni, wagonjwa hospitalini, wapelekwe msituni ambako hakuna wa kuwabishia hodi. Kabla ya chakula, walinyimwa ndugu.

Hapa ndipo madai yale mawili yanapokutana, nami nadhani kwa kweli ni dai moja. Kama Mungu ndiye Baba, basi wengine wote ni watoto, na mchungaji yumo kwenye hesabu hiyo. Yesu katika Mathayo 23 anawakataza wanafunzi wake kumwita mtu yeyote duniani baba yao, na sisi tumejaa "Baba Askofu" na "Baba Nabii". Atakayenijibu kwamba ni heshima tu, kwamba Mwafrika humwita kila mzee baba, nakubaliana naye. Jina silo linalonitisha. Nauliza kama mtoto anaruhusiwa kumsumbua baba huyo: kumuuliza sadaka ilikwenda wapi, kumwambia hapa hapana, kisha Jumapili ijayo akakaa benchi lake kama kawaida.

Ndiyo maana naamini sehemu nzito kuliko zote katika ibada ni matangazo, ambayo watu wengi huyatumia kuangalia simu. Nyimbo zimesema sisi ni jamaa. Matangazo yanataja nani. Fulani amelazwa, fulani amefiwa, kijana wa fulani amekosa karo. Mara chache sana hutajwa mpangaji aliyechelewesha kodi miezi miwili, na mwenye nyumba wake yuko safu ya tatu, naye ana watoto wa kusomesha. Familia ya Mungu haina jibu tayari kwa hao wawili. Mwenye nyumba ana haki yake, na mpangaji anaweza hatimaye kuhama. Lakini kama yale waliyoimba asubuhi yana maana yoyote, mpangaji hawezi kurudi kutoka kazini akakuta kufuli jipya mlangoni bila wao kwanza kukaa chini na kuongea, hata kama mazungumzo yenyewe yatakuwa machungu.