Geuka Kabla Hujatia Sahihi!

Ndugu yangu wa Kamere, hapa kando ya ziwa, wewe unajua! Umeiona taa ya manjano ikiwaka kwenye dashibodi. Umeuona uso wa fundi ukibadilika. Umemsikia akisema, "Hii sasa ni ya kompyuta, mzee." Ukalipa, ukanyamaza, ukasema utalifikiria kesho.

Kesho ipi?

Njoo usimame nami kando ya barabara ya South Lake, pale mafundi wanapotandaza magunia na kufungua injini. Itazame ile matatu ya dizeli. Injekta imekufa. Fundi ameing'oa, ameleta nyingine, ameikaza sawasawa. Anawasha. Injini inatetemeka, inatoa moshi, inazima!

Kwa nini? Inama uangalie juu ya injekta. Utaona msururu wa herufi na tarakimu zilizochorwa kwenye chuma, ndogo mno hata fundi anazisomea kwa tochi ya simu. Msimbo huo lazima uingizwe kwenye kompyuta ya gari, ndipo ijue injekta hii mpya inapitisha mafuta kiasi gani. Usipoingizwa, chuma kimepona lakini gari bado linaumwa. Na kifaa cha kuuingizia hakiko kwenye sanduku la fundi wa mtaani.

Basi gari linalala. Makanga hana kazi, mwenye gari hana hesabu, na mama anayewahi zamu ya alfajiri kwenye shamba la maua anatafuta boda gizani. Kazi ya spana ilikwisha zamani! Kinachokula siku ni kungoja ruhusa.

Usiniambie fundi ni mbovu! Mikono hii ya jua kali iliifungua Peugeot 504, ikaifungua Land Rover, ikaifungua Massey Ferguson, na hakuna bolti iliyoishinda. Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti kuhusu Kenya mwaka 1972, likakiri kwamba watu wanaofanya kazi bila leseni na bila kibanda ni wazalishaji kamili. Kilichobadilika si fundi. Kilichobadilika ni kufuli: sasa ni la kompyuta, na kufuli hili halionekani, halishikiki, halikatwi kwa tupa.

Na linakuja kwa kasi! Shirika la Viwango la Kenya haliruhusu gari lililopita miaka minane liingizwe nchini. Kwa hiyo kila mwaka unaopita, yanayoshuka Mombasa ni ya kizazi kipya zaidi: kompyuta nyingi zaidi, sensa nyingi zaidi, milango mingi zaidi iliyofungwa. Ukingoja magari ya zamani yarudi, utangoja mpaka uzeeke.

Sikia hili. Mwaka 2022, huko Melitopol nchini Ukraine, wanajeshi wa Urusi walipora matrekta na mashine za kuvunia za John Deere, wakazisafirisha hadi Chechnya. Walipotaka kuziwasha, zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Dunia ilishangilia, na wewe ulishangilia! Lakini jiulize: mkono uliomfungia mwizi ng'ambo ya mipaka, utashindwa kukufungia wewe uliyechelewesha malipo, uliyebadilisha spea, uliyempelekea jirani akutengenezee?

Utasema kufuli linazuia wizi. Kweli linazuia. Basi ufunguo akae nao mwenye mali!

Wenzetu wamegeuka. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa miongozo iliyoanza tarehe 1 Julai 2021: mwenye gari alipeleke kwa fundi anayemtaka, hata waranti ikiwa haijaisha, na fundi huru apewe taarifa za kiufundi. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2023 kwa ajili ya wakulima na mashine zao. Hao nao walikuwa watu wa kulalamika gereji, kama sisi. Wakaacha kulalamika, wakadai!

Na sisi tuna Katiba! Kifungu cha 46 kinasema mnunuzi ana haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na alichokinunua. Kikamilifu! Atanufaika vipi kikamilifu na pampu asiyoweza kuifungua, na trekta asiyojua linalia nini, na pikipiki ya umeme ambayo betri yake haimilikiwi naye? Kulipa pesa zote na kupewa nusu ya kitu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Geuka leo! Wewe wa sacco ya matatu, wewe wa injini ya boti pale ufukweni, wewe unayemwagilia nyanya kwa pampu ya mkopo: karatasi ya kununua mashine ikiwekwa mbele yako, iweke chini kalamu. Uliza nani ana kitabu cha mafundi. Uliza nani ana programu ya kupima na kuingiza misimbo. Uliza kama fundi wako akiigusa mashine, itaendelea kuwaka. Muuzaji akijikuna kichwa, toka dukani. Toka!

Nawe fundi, usimwachie kijana wako spana peke yake. Changeni, mafundi watano au kumi, mnunue skana moja nzuri ya kupimia magari mjini Nakuru, na mfundishane kuisoma. Usiifiche kwenye droo kama siri ya ukoo! Fundi anayemficha mwenzake maarifa ana kufuli lake mwenyewe mfukoni.

Halafu liandikieni Bunge. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba litunge sheria, na haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mawakili wa Nairobi peke yao. Ombi linaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, hata kwa mkono. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Semeni mnachotaka bila kuzungukazunguka: kitabu cha kila mashine inayouzwa Kenya, vifaa vya kuipima kwa bei ya haki, na marufuku kwa kufuli lolote linalomkataa fundi huru. Ombi hilo lipelekwe kwa Karani wa Bunge. Karatasi mnazo, kalamu mnazo, majina mnayo. Anzeni jioni hii, gari lile likiwa bado limelala pale juu ya mawe!