Swichi Iliyokaza

Shosho huwasha tochi yake kwa vidole gumba viwili. Niligundua hivyo Aprili nilipoenda kumwona Ol Kalou. Stima ilipotea saa mbili usiku, akaikandamiza tochi kifuani na kusukuma swichi kwa nguvu zake zote. Iliwaka mara ya tatu.

"Imekuwa hivi tangu lini?"

"Aah, tangu mvua za mwaka jana. Lakini si inawaka tu?"

Tochi hiyo ni mimi nilimnunulia, mwaka wa kwanza chuoni, pesa za mkopo zilipoingia. Ni tochi ndogo ya bati, ya mawe mawili. Shosho ana baridi yabisi ya vidole. Karibu mwaka mzima ameenda choo cha nje akipigana na swichi, na kila nikimpigia simu ananiambia tochi yangu inamsaidia sana. Hakutaka nijue kwamba zawadi imeharibika.

Asubuhi niliifungua. Jiwe moja lilikuwa limevuja. Mawe ya bei rahisi ndivyo yalivyo: gamba la zinki ndilo linaloshikilia dawa ya ndani, na ni gamba hilo hilo linaloliwa jiwe likifanya kazi. Likitoboka, majimaji hutoka polepole. Ule unga mweupe ulikuwa umefika hadi kwenye kibati kinachoteleza chini ya swichi, ukakila. Na kila Shosho aliposukuma kwa nguvu, kibati kilizidi kupinda.

Dawa yake ni rahisi. Nilitoa mawe, nikasugua kibati kwa mswaki mzee na spiriti, nikakipitisha msasa laini, nikakinyoosha kwa ncha ya kisu. Mwisho nikapaka Vaseline chembe tu, maana ukizidisha inashika vumbi.

Nikiwa hapo, Shosho akauliza, "Na mtihani wa mwisho ni lini, mjukuu wangu?"

Mkono ukasimama. Niliacha chuo miaka miwili iliyopita, karo iliponishinda. Siku hizi naandika makala za watu kwa malipo. Sijawahi kumdanganya Shosho moja kwa moja. Nilinyamaza tu, na nikajiambia nafanya hivyo kwa upendo.

Kati ya machache niliyobaki nayo chuoni ni Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, kumdanganya ni kosa. Darasani tulicheka. Hakuna aliyeuliza kuhusu kunyamaza kwetu sisi, kule kwa kila siku, ambako hakuna muuaji mlangoni.

Unaweza kuniambia kuna ukimya wa heshima, na nakubali. Si kila kitu lazima kisemwe. Lakini nilipoangalia ile tochi niliona kipimo kimoja: nani anabeba mzigo wa ukimya huo? Shosho aliponificha, vidole vilivyouma vilikuwa vyake, ingawa pia alininyima nafasi ya kutengeneza kitu cha saa moja. Mimi nilipomficha, aliyelipa ni yeye. Kila mwezi, akiuza waru, alinitumia shilingi 500 "za vitabu". Nami nilizipokea.

Kwa hivyo upendo wangu ulikuwa na faida kwangu. Ukimya wa namna hiyo sijui niuite nini kama si wizi.

Nikamwambia yote, bisibisi ikiwa bado mkononi. Hakusema kitu. Alichukua tochi, akasukuma swichi kwa kidole kimoja, ikawaka. Akaizima, akaiweka mezani, akaenda kulisha kuku. Hadi nilipopanda matatu kesho yake hatukuizungumzia tena, na nilirudi Nairobi bila kujua kama nimesamehewa.

Mei, zile 500 hazikuja. Ilikuja simu: mawe yameisha, nikija nilete mengine, na safari hii nisinunue yale ya bei rahisi.