Uhuru wa Mpiga Piano

Mtu ameketi peke yake mbele ya piano. Hana noti zilizoandikwa, hana mwenzi wa kumwitikia, na wasikilizaji wamenyamaza wakimngoja. Atapiga nini? Hata yeye hajui. Ndivyo alivyofanya Mmarekani Keith Jarrett katika jumba la opera la mji wa Köln, Ujerumani, usiku wa tarehe 24 Januari 1975. Piano aliyowekewa siyo aliyoiomba. Ilikuwa ndogo, na sauti zake za juu zilikuwa nyembamba. Hata hivyo alipiga kwa muda wa saa moja na zaidi, akiunganisha jazi na mapokeo ya muziki wa kale wa Ulaya. Santuri ya usiku ule ingali ikisikilizwa.

Swali letu ni hili: abuniye papo hapo, je, yu huru kabisa, au ana deni?

Wako wasemao kwamba kubuni ni kuufuata moyo, na kwamba mafunzo huua kipaji. Wengine hushikilia kwamba aachaye maandishi ni mzembe. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea. Jarrett alianza kufundishwa piano angali mtoto mdogo sana. Naye Bach, ambaye leo twamjua kwa maandishi yake, mwaka 1747 alipewa sauti chache na mfalme wa Prussia huko Potsdam, akazijengea muziki palepale. Vidole vyao vilikuwa huru kwa sababu vilikwisha kutii miaka mingi.

Kwetu mpakani, baina ya Busia na Tororo, jambo hili si geni. Mpiga akogo wa Kiteso hukishika kisanduku chake, akavibonyeza vyuma kwa vidole gumba, akaimba. Maneno aweza kuyageuza kwa kadiri ya hadhara iliyopo. Lakini mkondo wa wimbo ameurithi, na wazee waliomrithisha wamo miongoni mwa wasikilizaji. Ana deni kwa waliomfunza, na ana deni kwa wanaomsikiliza. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hapa sisi walimu hatuna budi kujihukumu. Tuliwahi kumkata alama mwanafunzi aliyeiacha insha ya kukariri, akalieleza soko la mpakani kwa maneno yake mwenyewe. Sarufi yake ilikuwa safi. Kosa lake lilikuwa kutofanana na wenzake. Tulimfunza lugha miaka mingi, kisha siku alipoitumia tukamwadhibu. Deni lake alikuwa amelilipa. Lililobaki lilikuwa letu.

Mwaka 2018 Jarrett alipatwa na kiharusi mara mbili, na mkono wake wa kushoto ukapooza kwa sehemu. Uhuru wa msanii, basi, ni amana ya muda. Tuwafunze watoto kanuni kwa bidii. Kisha, wakati ungalipo, tuwaachie kinanda wapige.